Kichokoo cha Iddi Pili

Ami Yaqoob alikuwa na sifa moja ambayo hata hasimu wake asingemnyima: jambo akilikosea, hulikosea sawasawa. Jioni ya Iddi Mosi alikwenda kwenye msumari uliopo ukutani jikoni, akachukua ufunguo, akaufunga kwa waya kwenye kanda la nyama, akalitia kanda ndani ya friji kubwa la stoo, akatoka nje, akasukuma kufuli kwa kiganja mpaka likasema ta. Akaenda kulala roho yake kweupe. Kumbe ufunguo alioufunga kwenye kanda ndio uliokuwa ufunguo wa kufuli lile lile.

Mtu wa kwengine atauliza, ufunguo na nyama wapi na wapi? Lakini pale Yiti, kijiji cha pwani nje ya Maskati, shimo la shuwa, nyama ya Iddi inayookwa chini ya ardhi, ni moja kwa mtaa mzima. Kila nyumba huleta nyama yake iliyolala kwenye viungo, ikafungwa kwa majani ya mgomba na kushonewa ndani ya kanda la ukindu. Makanda yote hutupwa pamoja juu ya makaa, shimo likafunikwa kwa bamba la chuma na kuzibwa kwa tope. Likija kufunuliwa kesho yake, makanda yote ni meusi tititi, la kwako na la jirani huwezi kuyapambanua. Ndiyo maana kila nyumba hutia alama isiyoungua. Huyu hufunga kijiko, yule pete ya nyororo, mwengine kifuniko cha kopo. Ami Yaqoob alikusudia kufunga ufunguo mkongwe wa fleti waliyoihama huko Al Khuwair, mjini Maskati, ufunguo usio na mlango tena hapa duniani. Lakini funguo zilikuwa mbili, msumari mmoja, na mwenyewe hataki kuvaa miwani.

Jambo lenyewe liligundulika Iddi Pili, jua la adhuhuri limesimama utosini. Ami Yaqoob alishika ufunguo uliobaki msumarini, akauingiza kwenye kufuli la stoo. Haukuingia. Akaugeuza juu chini. Haukuingia. Akaufuta kwa kanzu, kana kwamba kanzu ingeupunguza unene. Kisha akanyanyua uso taratibu, rangi imemtoka.

"Lahaula," alisema. "Nimejifungia."

"Umejifungia vipi, nawe uko nje?" aliuliza binti yake, Balqees, ambaye hakuzaliwa mtu wa kumwonea baba yake haya.

"Nimeufungia ufunguo. Uko kwenye kanda."

Balqees aliangua kicheko hadi akashika ukuta. Bibi yake, Bi Mahbuba, hakucheka. Alikuwa amekaa barazani na tasbihi mkononi, na shanga zikasimama kwenda.

Kwa Bi Mahbuba lile halikuwa kanda la nyama tu. Babu wa mumewe alizaliwa Yiti hii hii, akahamia Unguja, akazaa huko na kuzikwa huko. Ukoo uliporudi Maskati miaka ya sabini, ulirudi na Kiswahili kinywani na harufu ya karafuu kwenye masanduku, ukakaa Al Khuwair kwenye fleti za wafanyakazi wa serikali. Kwa miaka hamsini shuwa yao ilikuwa ya kununua, au ya jiko la umeme, ambayo Bi Mahbuba aliiita nyama iliyopigwa shoti. Mumewe, marehemu Khattab, kila Iddi alikuwa akienda Yiti kusalimia, na kila Iddi akiuliza kama anaweza kuleta kanda. Jibu lilikuwa moja, na lilitolewa kwa adabu: shimoni huingia kanda la nyumba, na wewe huna nyumba hapa, una kiwanja. Alikufa kiwanja kikiwa kiwanja.

Mwaka huu Ami Yaqoob alimaliza kujenga. Mzee Musallam, msimamizi wa shimo, akaja, akanywa kahawa vikombe vitatu, akatikisa cha tatu kuonyesha kimemtosha, akasema: "Iddi Pili, wakitoka watu kusali laasiri, leteni kanda lenu. Lakini mjue, nyumba mpya isiyotokea mwaka wake wa kwanza, sisi tunaihesabu haijarudi. Itangoja tena mpaka tukae kitako tuizungumze." Na Bi Mahbuba alikuwa na miaka themanini na mbili. Watu wa umri huo hawaambiwi wangoje watu wakae kitako.

"Saa ngapi sasa?" aliuliza.

"Saba na nusu," alijibu Ami Yaqoob. "Usitie wasiwasi, mama. Kufuli ni kufuli. Tutalikata."

Basi akaanza kulikata. Lilikuwa kufuli la duara mfano wa kisahani kinene, pingu yake imejificha tumboni, na pale kidogo ilipochungulia msumeno ulikuwa ukiteleza na kulia kama paka aliyekanyagwa. Meno ya msumeno yakaisha, kufuli halikupata hata mkwaruzo wa kujivunia. Akawapigia simu mafundi funguo wa Ruwi. Simu zikalia mpaka zikanyamaza zenyewe. Nani afungue duka Iddi Pili? Akasema basi ataazima grainda, mashine ya kukatia chuma, kwa jirani.

"Grainda?" Bi Mahbuba alisimama. "Humo ndani mna nini, Yaqoob?"

Ami Yaqoob akarudi hatua moja kutoka mlangoni. Mlikuwa na mitungi minne ya gesi na madumu sita ya petroli ya boti yake mpya, boti ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa haijatia pua baharini. Stoo haina dirisha, na tangu asubuhi harufu ya petroli ilikuwa ikipenya chini ya mlango.

"Cheche moja," alisema Bi Mahbuba, "tutakuwa shuwa sisi wenyewe."

Hapo ndipo Balqees alipofuta machozi ya kicheko, akasema, "Kwani Ruqaya si ana vyuma vyake vya wizi? Leo ndiyo siku yake."

Ruqaya alikuwa jikoni akipanga vikombe, na alikuwa akisikia kila neno tangu mwanzo. Alikuwa mjukuu mkubwa wa Bi Mahbuba, mtoto wa kaka yake Yaqoob, miaka ishirini na minne, mwenye stashahada ya ufundi na kazi ya kukagua vipimo katika kiwanda cha mabomba huko Rusayl. Miezi mitano nyuma alianza mchezo wa kuchokoa makufuli. Si wizi, si kazi. Mchezo, kama wengine wanavyopenda chemsha bongo. Hununua kufuli lake mwenyewe, hukaa nalo kitandani, akalitafutia siri yake mpaka likafunguka, kisha akalifunga tena. Kwenye kikundi chake cha mtandaoni sheria zilikuwa mbili, na mtu akizivunja hutolewa: usiguse kufuli lisilo lako, na usiguse kufuli lililo kazini, kwa sababu chuma kikikuvunjikia ndani, hata ufunguo wa halali hautaingia tena.

Alitoka jikoni akifuta mikono. "Bibi, kufuli la nani?"

"La kwangu. Nyumba yangu, stoo yangu, kufuli langu."

"Na mimi nikilivunjikia chuma ndani, ndiyo basi tena. Hata tukiupata ufunguo, hautafungua. Nnakwambia mapema ili usije ukasema hukuambiwa."

Bi Mahbuba alimtazama. "Mwanangu, hivi sasa halifunguki. Utalifanya lisifunguke mara ngapi? Ingia kazini."

Ruqaya alileta mkoba wake wa ngozi bandia. Ndani mlikuwa na vichokoo kumi na saba, vyembamba vyembamba, virefu kama kidole, kila kimoja na ncha ya namna yake: ndoano, nusu almasi, mawimbi, vingine vya maumbo ambayo hata yeye hakuijua kazi yake. Alipovinunua alivutiwa na idadi. Mkongwe mmoja wa kikundi alimwandikia siku ile ile: *Kumi na saba vya nini, dada? Utatumia vitatu, na hivyo vitatu vitakuwa vinene.* Ruqaya akaona ni majivuno ya wakongwe.

Sasa alipiga magoti mbele ya mlango wa stoo. Balqees akamshikia mwavuli, maana jua la mwezi wa sita halina mzaha, na kufuli lilikuwa la moto hata ikabidi alifunge kitambaa kilichoroweshwa maji. Akachungulia tundu la ufunguo kwa taa ya simu.

Makufuli aliyozoea yalikuwa na tundu wazi kama mlango wa msikiti. Hili lilikuwa ufa. Tena si ufa wa kunyooka: liliingia kushoto, likapinda kulia, likarudi kushoto, kama njia ya mlimani. Ndani kabisa aliona pini ya kwanza inameta. Kazi, kwa maneno, ni nyepesi. Kufuli la namna ile lina pini tano zilizokaliwa na springi, na meno ya ufunguo hunyanyua kila pini mpaka kimo chake. Asiye na ufunguo hutumia vyuma viwili: kimoja kilichopindwa, alichokiita kikaza, hulisukuma kufuli kama linalotaka kuzunguka, cha pili, kichokoo, huzinyanyua pini moja moja mpaka kila moja ikwame mahali pake. Lakini vyuma vyote viwili huingia kwenye tundu lile lile.

Akatia kikaza chini ya tundu, kama alivyozoea. Nusu ya nafasi ikaisha. Akaingiza ndoano. Ikaingia pini mbili, ikagota. Akaigeuza, ikagota. Akachukua nyembamba kuliko zote, ikafika pini ya tatu, lakini ilikuwa imebanwa na kuta pande zote mbili, asiweze kujua anachokisikia mkononi ni pini au ni ukuta. Akajaribu cha nne, cha tano, cha sita. Jasho likamtona kutoka kidevuni.

"Huyu anachagua vyuma kama anayechagua vitenge," alisema Ami Yaqoob, aliyekuwa akizunguka nyuma yao kama kuku mwenye yai. "Mchagua jembe si mkulima, Ruqaya! Kamata kimoja, tia nguvu!"

"Hapa si shamba, Ami. Ukitia nguvu kwenye ufa, unavunja chuma." Hakugeuka. "Na jembe lisiloingia ardhini hata mkulima wa kuzaliwa atakaa nalo chini alie."

Balqees akapiga kofi paja lake. "Hiyo imempata!"

Lakini Ruqaya alikuwa amekwisha kuweka mkoba chini. Alikaa juu ya visigino vyake akafikiri kama anavyofikiri kazini. Kiwandani Rusayl, bomba likikataa kuingia kwenye kiungo, hakuna anayelitukana. Unachukua kipimo. Yeye alikuwa amejaribu vyuma sita bila ya kujua hata kimoja kina unene gani, wala ufa una upana gani. Alikuwa akibahatisha, yeye, mkaguzi wa vipimo! Alijionea haya kuliko alivyoaibishwa na ami yake.

"Jirani mwenye grainda ni nani?" aliuliza.

"Aflah, fundi wa mashine za boti. Lakini grainda tumeikataa!"

"Sitaki grainda. Nataka fila yake."

Aflah alikuwa mtu wa makamo, mweusi kwa jua na chumvi, na karakana yake ilikuwa nyumba ya tatu. Alimsikiliza Ruqaya kwa Kiarabu, mikono kiunoni, tabasamu likimtekenya mashavu.

"Nyinyi watu wa Zinjibari," alisema, "mnafunga nyama na kuutupa ufunguo ndani?"

"Tunafunga vizuri, ndugu yangu. Kufungua ndiko tunakojifunza."

Aflah akacheka kwa sauti, akaingia ndani, akatoka na fila: shada la majani ya chuma yaliyoshikana kwa skrubu moja kama upepeo, kila jani na unene wake umechorwa juu. Mafundi huitumia kupimia mwanya wa plagi. "Hii nimeizoea kuliko mke wangu," alisema. "Jani moja. Ukinitolea la pili nitakuja kula kwenu mwaka mzima."

Akafuatana naye mpaka stoo, maana hilo la kuona hakutaka kusimuliwa.

Ruqaya hakuchagua kwa macho. Alikuwa na kipimo mkononi, basi alipima. Akatia pembe ya jani lenye unene wa nusu milimita. Liliingia upindo wa kwanza, likakwaruza upindo wa pili, likasimama. "Huo ndio unene wa vichokoo vyangu vyembamba," alimwambia Balqees, "na bado ni vinene." Akatia jani la robo milimita. Lilipita mpaka mwisho, laini kama unyoya, na alipobonyeza pini kwa pembe yake, jani ndilo lililopinda, pini ikabaki imekaa kama bibi harusi.

"Hilo zuri, limeingia lote!" alisema Ami Yaqoob.

"Limeingia, halina kazi. Springi ina nguvu kulishinda." Akatia la milimita sifuri nukta nne. Lilisugua kidogo kwenye upindo wa pili, likapita. Akabonyeza. Pini ikapanda, ikarudi, na aliusikia ule mrudi wake kwenye ncha ya kidole, wazi kama mtu anayebisha hodi.

"Hili," alisema.

Aflah akafungua skrubu, akalitoa jani, akalibusu, akampa.

Lakini chuma chembamba peke yake kisingetosha, na hapa Ruqaya alikumbuka jambo jengine aliloliona kwa wakongwe na kulipuuza. Kikaza chake kilikuwa kinakaa chini ya tundu, ndipo njia ya kichokoo ilipokuwa. Kingeweza kukaa juu, mdomoni, mbele ya pini ya kwanza, kikashika kwa ncha tu. Chini kote kukabaki wazi. Kwa hilo alihitaji ukanda wa chuma bapa, mfupi na mgumu. Akanyanyua macho, akaliona gari la ami yake, jipya, linang'aa uani.

"Ami, waipa za gari zina ukanda wa chuma ndani ya mpira."

"Ehe?"

"Nautaka mmoja."

"Waipa za gari langu jipya!"

Bi Mahbuba hakuinua hata sauti. "Yaqoob. Maskati mvua inanyesha lini?"

Ami Yaqoob akaenda akaing'oa waipa kwa mikono yake mwenyewe.

Ilikuwa saa nane na nusu. Kwenye karakana ya Aflah, jani la fila likabanwa kwenye jiriwa, na Ruqaya akashika tupa. Ndoano ndefu au fupi? Ndefu ingezifikia pini zote kwa urahisi, lakini kwenye njia ya mlimani isingepata pa kugeukia. Akachagua fupi, ncha iliyoinuka kiasi cha punje ya mchele, shingo nyembamba, mgongo wa mviringo ili usikwaruze. Kila akisugua mara kumi alichovya chuma kwenye kopo la maji, maana chuma kikipata moto hulegea na kusahau ugumu wake. Aflah alitaka kumsaidia. "Nipe mie, nna mkono."

"Mkono unao, ila kichokoo kinataka kumjua mwenyewe," alisema, akaendelea. Baadaye akapitisha msasa, kwanza wa kukwaruza, kisha wa laini, mpaka chuma kikateleza baina ya vidole. Akakifunga mkia kwa utepe wa umeme. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha, hina yote ya Iddi imezama.

Aliporudi stoo ilikuwa saa tisa na robo. Moshi wa shimo ulionekana juu ya nyumba, umekwisha kugeuka kutoka mweusi kuwa mweupe, makaa yameiva. Watu wa mtaa walianza kupita na makanda yao mabegani, wakitoa salamu, na macho yao yakivutwa kwa msichana aliyepiga magoti chini ya mwavuli.

Akatia kikaza cha waipa mdomoni juu. Kikashika. Akaingiza kichokoo kipya. Kilipita upindo wa kwanza, wa pili, wa tatu, kikagusa mwisho wa kufuli, na kote humo hakikukwaruza.  Sasa alikuwa anasikia. Pini ya kwanza ilikuwa inacheza. Ya pili ilikuwa ngumu. Ngumu maana yake ndiyo iliyobanwa, ndiyo ya kuanza nayo. Akainyanyua, nywele kwa nywele. *Tk.* Kufuli lilitikisika kidogo sana, kiasi cha kutikisika kope.

"Limesema!" alinong'ona Balqees.

"Nyamaza, nalo linasikia."

Ya nne. *Tk.* Ya kwanza. *Tk.* Ya tatu ilikataa, akairudia kutoka pembeni, ikakubali. Ikabaki ya tano, ya mwisho kabisa, nyuma ya zote. Akaanza kuinyanyua, na hapo hapo adhana ya laasiri ikapaa kutoka msikitini, karibu na kwa sauti kubwa. Bega lake likashtuka. Kikaza kikateleza. Pini zote zikaanguka, mvua ya vichuma, *tk tk tk tk*.

Ruqaya akachomoa kikaza, akakifuta jasho kwa pembe ya nguo yake. 

Wanaume wakaelekea msikitini. Aflah aliondoka akigeuka nyuma kila hatua mbili. Bi Mahbuba alikuja akasimama karibu na mjukuu wake, akamfuta jasho la kope kwa pembe ya mtandio.

"Wakitoka wao, ndipo makanda yanaingia," alisema.

"Naelewa, Bibi."

"Mie naingia kusali. Wewe sala yako ina wakati mrefu, shimo halina." Akamgusa bega. "Mkono wako haukukosea. Umeshtuka tu. Mbona mie nshawahi kushtuka nikamwaga sufuria zima la biriani, na harusi ikala."

Ruqaya alicheka, na kicheko kile kilimfungua vidole. Alianza upya, na safari hii hakuwa mgeni. Njia alikuwa anaijua: ya pili, ya nne, ya kwanza, ya tatu. Alilikaza kidogo kuliko mwanzo, kwa uzito wa sarafu juu ya kucha. *Tk.* Sauti ya imamu ilisikika kwa mbali ikipanda na kushuka. *Tk.* Balqees alikuwa ameacha mzaha. Midomo yake ilikuwa ikisoma kitu. *Tk.* Ya tatu akaichukua pembeni, kama ilivyotaka. *Tk.*

Ya tano. Akasogeza ndoano taratibu, ikateleza chini ya zile nne bila ya kuzigusa. Kwa kichokoo kinene angekwisha kuziangusha zote. Akaigusa. Akaisukuma. Haikwenda. Akalegeza kikaza, chembe, chembe tu, akaisukuma tena. Pini ikapanda kwa kusitasita kama mzee anayepanda ngazi.

Kikaza kikazunguka chenyewe mkononi mwake.

Hakuamini. Alikitazama kama mtu aliyetazamwa na mtoto mchanga kwa mara ya kwanza. Kisha kufuli likatoa pingu yake yote nje, likaanguka kwenye kiganja chake, zito, la moto, wazi.

Balqees alitupa mwavuli, akatoa kigelegele kilichowaamsha mbuzi wa mtaa wa pili. Kikajibiwa na mwengine kutoka nyumba ya jirani, ambaye hakujua hata kigelegele cha nini, na mwengine, na mwengine, kwani Iddi ni Iddi.

"Kanda!" alipiga kelele Ruqaya. "Kanda, jamani, kanda!"

Wakaliburuta kutoka kwenye friji, yeye na Balqees. Ami Yaqoob alikuwa anatoka msikitini na kiatu kimoja. Cha pili kilimshinda kukitafuta. Aliliona kanda, akalinyakua, akalitia begani, maji ya viungo yakimchuruzikia kwenye kanzu nyeupe, akakimbia. Ufunguo ulikuwa ukining'inia kwenye waya na kumpiga mgongoni. Hakuna aliyesimama kuufungua. Ruqaya na Balqees wakamfuata mbio; Bi Mahbuba, sala yake imekwisha, alikuwa ameshatangulia shimoni.

Shimoni Mzee Musallam alikuwa amekwisha kuanza. Aliita jina la nyumba, mwenye nyumba akaitika, kanda likatupwa, cheche zikaruka. Kumi. Kumi na moja. Wanaume wanne walikuwa wamelishika bamba la chuma tayari. Mzee Musallam alitazama huku na huku, akatazama njia, akafungua mdomo kuwaambia wafunike.

"Ngojeni!" Aflah alisema. "Wanakuja, wallahi wanakuja!"

Ami Yaqoob alifika akihema, akapita katikati ya watu, akasimama ukingoni mwa moto. Mzee Musallam akamtazama yeye, na kanzu yake, na mguu wake mtupu.

"Nyumba ya nani?"

Ami Yaqoob alitaka kujibu, pumzi haikutoka.  Ndipo kutoka kwenye ukuta wa jirani na shimo, walikosimama wanawake, sauti ya Bi Mahbuba ikaja, kavu na ya juu, haikutetemeka:

"Nyumba ya Khattab!"

"Nyumba ya Khattab," alirudia Mzee Musallam, kama anayeandika. "Kumi na mbili. Tupa."

Kanda likaruka, likatua juu ya makaa katikati ya mengine, ukindu ukashika moto kwa sauti ya mvua juu ya mabati. Bamba likashuka. Wanaume wakaleta beseni za tope, wakaanza kuziba kingo, na moshi ukawa unatafuta mianya ya kutokea.

"Mmechelewa, mlikuwa na nini?" aliuliza Mzee Musallam.

Aflah alimwahi kabla ya Yaqoob hajapata pumzi. Alisimulia kila kitu, ufunguo, petroli, waipa, jani la fila, na kila alipofika kwenye jani alionyesha kwa vidole lilivyokuwa jembamba, na kila mara likawa jembamba zaidi. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mzee Musallam hakucheka. Alivuka kwenda ukutani, akasimama mbele ya Ruqaya.

"Kwa nini usitumie vile ulivyokuwa navyo?"

"Vilikuwa vinene, babu. Ningeng'ang'ania, vingevunjikia ndani."

"Na wewe ulijuaje kwamba ni vinene?"

"Kwanza sikujua. Nilihangaika navyo. Halafu nikapima."

Mzee Musallam alitikisa kichwa polepole, mtu aliyesikia jibu lililomkalia sawa. Kisha akamgeukia Bi Mahbuba. "Mama, upande wa mashariki bado unavuja. Hapa kwetu nyumba iliyorudi ndiyo inayoziba mwisho. Njoo na mjukuu wako."

Bi Mahbuba alivua viatu. Akamshika Ruqaya mkono, mkono mweusi wa vumbi la chuma, na watu wakawapisha njia mpaka ukingoni. Wakainama wote wawili, wakachota tope la moto kwa viganja. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye mwanya mmoja mwembamba, mwembamba sana, karibu na jiwe. Bibi akaweka tope lake. Likapasuka, moshi ukachomoza tena pembeni. Ruqaya akautazama mwanya, akalikanda tope mpaka likawa bapa, akalisukuma ndani kwa kidole gumba, taratibu.

Moshi ukakatika.